Shamba la Nyanda Kame na Nyumba ya Msimu: Kagua Mwezi wa Tisa

Wiki hii tuache viwavi jeshi na bei ya mbolea kidogo. Kuna swali ambalo vijana wananiuliza kila nikienda nyanjani, na nimelijibu kwa simu mara nyingi mpaka nimeona heri niliandike mara moja. Linakuja hivi: "Mwalimu, nimepata ekari tano huko chini kwenye joto, bei iko sawa kabisa. Nataka nijenge kanyumba, nikuwe nakuja msimu wa mvua nalima, kiangazi narudi kwa biashara yangu. Unaonaje?"

Naona ni mpango mzuri. Nimeuona ukileta pesa: kijana anapanda ndengu mara mbili kwa mwaka, ana miembe ya kupandikiza ambayo haimhitaji kila siku, na akichoka na kelele za mjini ana mahali pa kuweka kichwa. Pia nimeuona ukimaliza akiba ya mtu. Mmoja wa waliomalizwa ni mimi, kwa hivyo wacha nianzie hapo.

Mimi nilinunua nyasi

Desemba 2019 broka alinipeleka kuona ekari nne upande wa Kajiado. Mnakumbuka vuli ya mwaka huo ilivyonyesha. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, laga iliyo mpakani ilikuwa inapitisha maji, ng'ombe wa jirani walikuwa wanang'aa kama waliopakwa mafuta. Mimi, afisa wa kilimo niliyesomea udongo na mvua, nikasimama pale nikaanza kuona nyanya, nikaona vitunguu, nikaona veranda na kiti cha kukalia jioni. Sikurudi mara ya pili kuangalia. Katikati ya mwaka uliofuata hati ilikuwa kwa jina langu na fundi alikuwa anaweka msingi.

Vuli ya 2020 ikakosa. Masika ya 2021 ikakosa. Ikaendelea hivyo misimu mitano mfululizo mpaka mwisho wa 2022, na kama ulikuwa na mifugo nyanda kame miaka hiyo huhitaji kusimuliwa. Laga yangu ilikuwa mchanga mtupu. Nilikuwa nanunua maji ya bauza ili miche ya maembe isife, na miche ikafa hata hivyo, kwa sababu bauza huja siku inayotaka yenyewe, si siku mche unapotaka maji.

Kuna mzee jirani ambaye siku ya kununua hakusema neno, kwa vile hakuna aliyemuuliza. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye hiyo veranda yangu, shamba mbele yangu jekundu kama matofali. Akasalimu, akakaa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe uliuliza maji iko wapi. Ungeuliza maji iko wapi mwezi wa tisa."

Basi hilo ndilo nawaambia. Shamba la nyanda kame linakaguliwa Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza na mvua ya vuli haijaanza. Broka atakwambia sasa hivi kuna mteja mwingine. Mwache ampe huyo mteja. Ukifika, usianze na mipaka. Simama njiani asubuhi uangalie punda wanatoka wapi na mitungi, wamebeba mingapi, wanakwenda mbali kiasi gani. Waulize akina mama wanaochota, maana hao ndio wanaojua: kisima hiki hukauka mwezi gani? Mwaka wa 2022 mlichota wapi? Mtungi wa lita 20 ulikuwa bei gani wakati ule mbaya kabisa? Hiyo bei ya wakati mbaya ndiyo uiweke kwenye hesabu yako, si ya leo.

Halafu rudi mara ya pili wakati wa mvua, kwa kazi moja tu: kuona kama gari linafika. Kwenye udongo mweusi barabara iliyokuwa laini Septemba inameza pikapiki mwezi wa nne. Ndengu zako zikiwa tayari na lori haliwezi kuingia, utauza kwa yule atakayefika, kwa bei atakayotaka yeye.

Jangwa ni gani, kame ni gani

Watu wa mjini huita kila kitu kilichopita Emali "jangwa". Jangwa lenyewe hapa kwetu ni Chalbi, kule Marsabit. Kajiado, sehemu za chini za Makueni na Kitui, hizo ni nyanda kame. Kuna mvua, ila ni kidogo, inakuja kwa fujo na haina ahadi. Tofauti hii si ya darasani tu. Inaamua kama unaweza kununua kabisa.

Kaskazini, sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ile ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na mtu mmoja hana mamlaka ya kukuuzia kipande chake. Ile iliyosajiliwa nayo haiuzwi mpaka angalau theluthi mbili ya wanachama watu wazima wakubali. Kwa hivyo mtu akikuletea karatasi yenye sahihi za wazee watatu na muhuri, akakwambia hiyo ni ekari kumi za Turkana, mshukuru kwa chai uondoke.

Kajiado ni hadithi nyingine. Huko ranchi nyingi za kikundi zilishagawanywa na wenyewe wakapewa hati za mtu mmoja mmoja, na ndiyo maana kuna soko. Lakini mgawanyo ndani ya mgawanyo unaendelea, na hapo ndipo vijana wanaumia. Unauziwa ekari mbili kutoka kwa hati mama ya ekari themanini. Unalipa yote, unapewa makubaliano na ahadi kwamba "hati zinatoka mwezi ujao". Mwenye hati mama akifariki, au akiwa amechukulia mkopo, umebaki na karatasi. Usimalize kulipa kabla ya kipande chako kupata nambari yake.

Karatasi, kwa kifupi

Sitakaa sana hapa, wakili ndiye wa kazi hii, na tafadhali awe wakili wako, si yule mnayeshirikiana na muuzaji ili kupunguza gharama. Ila ujue haya ili asikuzungushe.

Fanya upekuzi wa hati wewe mwenyewe, kwenye Ardhisasa kama kaunti imeingizwa huko, au kwenye ofisi ya ardhi. Unatafuta jina la mwenyewe, ukubwa, na kama kuna mkopo au zuio. Mchukue mpimaji mwenye leseni, aje na ramani, atafute bikoni moja moja. Nimeona shamba ambalo hati ilikuwa safi kabisa, tatizo ni kwamba mteja alionyeshwa shamba la jirani. Muulize mpimaji pia kama barabara ya kuingia iko kwenye ramani au ni njia ya ng'ombe ambayo mwenyewe anaweza kuifunga kesho.

Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Miezi sita ikipita bila ombi, makubaliano yenu hayana nguvu kisheria. Muuzaji aje na mke wake, au mume wake, kwa sababu ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa shamba la mashambani na asilimia 4 ndani ya manispaa. Siku hizi manispaa zimepanuka, kwa hivyo usidhani tu, uliza shamba liko upande gani wa mstari. Na pesa zipitie benki, kwa akaunti ya wakili. Broka apewe haki yake baada ya hati, si kabla.

Sasa maji

Hapa ndipo tukae. Kijana akiniambia "nitaweka tanki", namuuliza: la nyumba au la shamba? Wengi hawajawahi kutofautisha, na hesabu yake inatisha ukiifanya mara ya kwanza.

Chukua hii kichwani: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yako ndogo ina paa la mabati la mita 80 za mraba. Eneo linapata, tuseme, milimita 500 kwa mwaka. Hiyo ni lita 40,000. Toa humusi moja na nyingine inayomwagika, kuruka na kukauka juu ya mabati yenye moto, tuseme asilimia 20. Unabaki na lita 32,000. Si mbaya. Shida ni kwamba zinakuja kwa siku chache. Mvua moja nzito ya milimita 40 inakuletea karibu lita 2,560. Nne za namna hiyo zinajaza tanki la lita 10,000, na kuanzia ya tano unaangalia maji yakienda zake.

Sasa tanki limejaa, ni tarehe mosi Juni. Nyumbani kuna mlinzi na familia yake, watu wanne, kila mmoja lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Lita 80 kwa siku. Tanki litafika mwanzoni mwa Oktoba. Vuli ikianza katikati ya mwezi umeumia wiki mbili, unavumilia. Ongeza mbuzi watano, kila mmoja lita 4, na maji yanaisha wiki ya pili ya Septemba. Ndiyo maana nasema paa la mita 80 linataka angalau matanki mawili ya hayo, na mfereji wa paa usiovuja. Ukiwa na pesa kidogo, heri upunguze chumba kimoja uongeze tanki.

Hiyo ni nyumba. Shamba halinywi kutoka kwa paa. Robo ekari ya nyanya ni kama mita 1,000 za mraba. Wakati wa joto kali zinataka milimita 4 kwa siku, yaani lita 4,000, hata ukitumia mipira ya matone. Lile tanki lako la lita 10,000 ni siku mbili na nusu. Nikisema hivi darasani vijana hucheka, halafu hunyamaza.

Ukitaka kumwagilia hiyo robo ekari siku 90 unahitaji lita 360,000. Bwawa la kutandikwa plastiki lenye uso wa mita 250 za mraba, jua la huku linakunywa kama milimita 6 kila siku. Hiyo ni lita 1,500 kwa siku zinazopotea hewani, lita 135,000 kwa siku 90. Jumlisha, unaingia karibu lita 500,000, yaani bwawa la mita 500 za ujazo. Ukilifunika na neti ya kivuli unapunguza hasara. Ukilichimba kina zaidi na mdomo mwembamba, unapunguza tena. Maji ya kulijaza yanatoka kwenye mtelemko au barabara, yapite kwanza kwenye shimo la kutulizia udongo, la sivyo baada ya misimu mitatu una bwawa la matope.

Na uliwekee ua siku hiyo hiyo unayotandika plastiki. Si wiki ijayo. Plastiki ikilowa inateleza kuliko sabuni. Mtu mzima anayejua kuogelea hawezi kupanda. Funga kamba nene yenye mafundo kila upande, ifike mpaka ndani ya maji, au tupa mnyororo wa matairi ya zamani. Nimeketi kwenye matanga ya mtoto wa miaka sita aliyekwenda kuokota mpira. Bwawa lilikuwa la mkulima hodari sana, mtu ambaye huwa tunampeleka wageni wakaone kazi yake.

Laga nayo usiidharau kwa vile ni kavu. Maji yaliyojificha chini ya mchanga jua haliyafikii kwa urahisi, na ndiyo maana Ukambani watu wamejenga mabwawa ya mchanga miaka mingi. Ukikagua Septemba omba uonyeshwe shimo linalochotwa kwenye laga, uone maji yako futi ngapi. Ila usijenge karibu nayo. Laga inaweza kuja na ukuta wa maji kutoka mvua iliyonyesha mbali, kwako jua linawaka.

Kuhusu kisima kirefu: kwanza mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye leseni apime, halafu upate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na cha mazingira kutoka NEMA, ndipo mashine ije. Aliyeanza na mashine huishia na shimo kavu na faini. Na ukipata maji, usishangilie mpaka yapimwe maabara. Maeneo mengi ya Bonde la Ufa na Kajiado maji ya chini yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hivyo inazidi kukolea. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoiondoa, lakini vinataka kubadilishwa. Ukiwa kwenye ukaguzi bado, kuna kipimo cha bure: angalia meno ya watoto waliokulia pale. Yakiwa na madoa ya kahawia, unajua maji ya kunywa yatatoka kwa paa.

Kipimo cha pili ni chumvi. Maji ambayo ng'ombe anakunywa bila shida yanaweza kuua maharagwe. Nyanya huvumilia kidogo zaidi. Mwambie mtu wa maabara unataka kumwagilia, asikupimie ya kunywa peke yake, maana chumvi ya aina ya sodiamu huharibu udongo polepole na kuurudisha ni kazi.

Kujenga nyumba itakayokungoja

Nyumba ya msimu ina tabia yake. Inakaa miezi bila mtu, halafu unataka ufike usiku, ufungue, ulale. Kwa hivyo jenga ndogo. Vyumba viwili na veranda vinatosha. Kila chumba cha ziada ni popo.

Upande mrefu uelekee kaskazini na kusini, kuta fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Usiweke dirisha la chumba cha kulala upande wa magharibi, utalala ndani ya tanuri. Weka dari, na matundu ya hewa juu yenye waya, ili moto wa mabati utoke. Tofali za udongo zilizoshindiliwa na saruji kidogo zinakaa baridi kuliko mabati matupu na mara nyingi udongo uko pale pale, bora usiwe ule mweusi.

Huo mweusi ndio adui wa msingi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyumba iliyo juu yake inacheza dansi hiyo hiyo. Fundi achimbe autoe mpaka afikie muramu au mwamba, au mhandisi akuchoree msingi wa zege la pamoja. Yangu ina ufa kutoka dirishani mpaka sakafuni kwa sababu fundi alisema futi mbili zinatosha na mimi nilikuwa na haraka.

Mchwa: ng'oa kila mti na kisiki chini ya nyumba, tafuta kichuguu kilicho karibu umtoe malkia, weka bati la kuzuia juu ya msingi kabla ya ukuta, na kuni zisiegemee ukuta kamwe. Hili la kuni watu hulisahau. Mchwa hawahitaji zaidi ya daraja moja.

Kufunga mwisho wa msimu

Mimi hutenga siku nzima, si saa ya mwisho nikiwa na mizigo kwenye gari.

Betri ya sola za zile za maji huwa zinakufa kwa kuachwa zikiwa tupu. Zima kila kitu lakini acha paneli iendelee kuchaji kupitia kidhibiti chake, na mlinzi afute vumbi kila wiki mbili. Tanki usilimalize likabaki tupu. Upepo wa Agosti umewahi kunibebea tanki la lita elfu mbili mpaka kwa jirani. Mdomo wake uwe na neti, la sivyo utakuta panya au nyuki. Ziba kila tundu la mlango kwa kipande cha mpira, hasa kwa ajili ya bafe, ambaye anapenda baridi ya sakafu na hana haraka ya kukupisha. Ukirudi, fungua mlango, simama nje kidogo, ingia na tochi hata kama ni mchana, na viatu uvikung'ute kwanza.

Usiache nafaka ndani ya nyumba uliyofunga. Joto na unyevu kidogo vinaleta aflatoksini, na mnajua tulichoona Makueni na Kitui mwaka 2004, watu 125 wakafa kwa mahindi yenye hiyo sumu. Kama lazima ubakize mbegu, zikaushe mpaka zilie zikigongana, kisha zitie kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Nyingine uza. Ndengu fupi kama N26 ziko tayari karibu miezi miwili baada ya kupanda, kwa hivyo ukipanda mvua inapoanza, unavuna na kuuza kabla hujafunga mlango.

Anayebaki

Sasa tumefika kwa mtu, na huyu ni muhimu kuliko mabati yote. Mlinzi wa shamba anayelipwa kwa kuchelewa ataanza kuuza kuni zako, kisha kokoto, kisha ataondoka siku ambayo mbuzi wa nje wameingia kwa miembe. Mlipe tarehe moja kila mwezi, hata miezi ambayo wewe huna chochote cha kuvuna. Hesabu mshahara wa miezi kumi na miwili kabla ya kununua shamba. Kama huwezi kuubeba kwa mwaka mmoja bila mavuno, shamba bado halijakufikia. Kodi kwanza kwa msimu mmoja, kuna wenye ardhi wengi wanaokodisha.

Mwandikie barua ya kazi, iseme anaishi pale kwa ruhusa yako kama mfanyakazi. Si kwa ubaya. Sheria yetu inampa mtu aliyekaa wazi kwenye ardhi ya mwingine miaka 12, bila ruhusa na bila kufukuzwa, nafasi ya kwenda mahakamani kuidai. Anayekaa kwa ruhusa yako hahesabiwi hivyo, na barua ndiyo ushahidi. Shamba lisilo na mtu kabisa nalo linavutia. Hata mwaka ambao hulimi, fika, tembea mpaka wote, piga picha za bikoni.

Halafu majirani. Ukija na waya wa seng'enge siku ya kwanza, ukafunga njia ambayo ng'ombe wamepita tangu babu zao, usishangae waya ukikatwa. Nenda kwa mzee kwanza, uketi, uliza mifugo hupita wapi kiangazi na wanyama pori hupita wapi. Karibu na Amboseli au Tsavo tembo watavunja tanki kwa kunusa maji tu. Huko tanki liwekwe ndani ya ukuta wa mawe au karibu kabisa na nyumba, na namba ya KWS iwe kwenye simu ya mlinzi, si yako uliye Nairobi. Mimi niliacha upenyo wa mita nane upande wa laga kwa ajili ya ng'ombe wa yule mzee. Kwa malipo, mwanawe hupita kila jioni nikiwa sipo, na mwaka jana alinipigia saa mbili usiku kuniambia valvu ya tanki inavuja na ameifunga kwa mpira wa baiskeli.

Miembe nimepanda tena, kumi na sita tu, kila mmoja kwenye shimo pana lenye samadi na kingo za kukusanya maji ya mvua. Septemba iliyopita nilikwenda kuhesabu. Kumi na minne imeshika.